Charles Riley, mtu aliyewatafutia wakulima wa machungwa mdudu wa kula mdudu

Msimu huu wa machungwa, simu nyingi tunazopokea kwenye kipindi chetu cha kilimo zinauliza jambo moja tu, nalo ni dawa ya kupulizia. Mkulima ameona weupe kwenye tawi, au masizi meusi juu ya majani, au matunda yameanza kudondoka kabla ya wakati, na tayari bomba liko mgongoni. Leo hatutataja jina la dawa yoyote. Tumeona tuwaandikie habari za mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye akifika kwenye shamba lililoshambuliwa alitaka kwanza kujua mdudu yule ametoka wapi, na huko kwao anamwogopa nani.

Mtu huyo ni Charles Valentine Riley. Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 18 Septemba 1843. Alipokuwa kijana alipelekwa kusoma Dieppe, Ufaransa, kisha Bonn, Ujerumani, na huko akajifunza mambo mawili yaliyomfaa maisha yake yote: lugha na kuchora. Kuchora kwake hakukuwa mchezo. Aliweza kumchora mdudu mwenye ukubwa wa punje ya mtama mpaka kila mguu ukaonekana.

Mwaka 1860, akiwa na miaka 17 tu, alivuka bahari peke yake kwenda Marekani. Hakwenda kwa wasomi, alikwenda shambani. Alifanya kazi kwenye shamba la mazao na mifugo jimboni Illinois kwa karibu miaka mitatu, na ndiko alikojionea jinsi mdudu anavyoweza kula jasho la mtu la msimu mzima. Baadaye akahamia mjini Chicago, akafanya vibarua vya hapa na pale, akauza michoro yake, mwishowe akaajiriwa na gazeti la wakulima. Kazi yake ilikuwa kupokea barua za wakulima walioeleza mdudu waliyemwona, naye awajibu. Sisi wa redio tunaijua kazi hiyo vizuri. Tofauti ni kwamba nyinyi mnatutumia picha kwa simu, wale walimtumia mdudu mwenyewe ndani ya kijisanduku.

Mwaka 1868 jimbo la Missouri lilimpa kazi ya kuwa mtaalamu wake wa wadudu. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alikaa hapo hadi 1877, na kila mwaka aliandika taarifa moja, jumla taarifa tisa. Ziliandikwa kwa ajili ya wakulima, lakini zilifika mbali. Charles Darwin, yule mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, alizisoma na kuzisifu.

Katika miaka hiyo ya 1870 nzige walivamia majimbo ya kati ya Marekani, wakala mazao mpaka watu wakakosa chakula. Riley alizunguka akiwafundisha wakulima kuharibu mayai ya nzige ardhini kabla hayajaanguliwa. Tena akafanya jambo lililowashangaza wengi: aliwapika nzige, akawaandalia wageni, akala nao mezani. Magazeti yaliandika sana kuhusu karamu hiyo. Kwetu, ambako senene ni kitoweo cha heshima, tunashangaa zaidi kwamba wenzetu walishangaa.

Lakini habari iliyotufanya tumwandike ni ya matunda, na inaanzia Ufaransa kwenye mizabibu.

Miaka ya 1860 mizabibu ya Ufaransa ilianza kukauka, shamba baada ya shamba. Majani yaligeuka manjano, mmea ukadumaa, ukafa. Mwaka 1868 wataalamu wa huko, akiwemo Planchon wa mji wa Montpellier, walichimba mizizi na kukuta wadudu wadogo sana wa manjano wakifyonza. Mdudu huyo anaitwa filoksera. Riley alimlinganisha na mdudu aliyekuwa akimwona kwenye mizabibu ya Marekani, akahakikisha kwamba ni yule yule. Alikuwa amesafirishwa kwenda Ulaya pamoja na miche.

Hapo Riley akaliangalia jambo kwa upande mwingine. Kama mdudu ni wa Marekani, mbona mizabibu ya porini ya Marekani haifi? Kwa sababu ilikuwa imeishi naye muda mrefu, na mizizi yake inavumilia. Basi yeye na wenzake wa nchi zote mbili wakashikilia kwamba mzabibu wa Ufaransa ubebeshwe juu ya mzizi wa mzabibu wa Marekani. Wakulima wa michungwa wa Muheza hawahitaji maelezo marefu hapa. Ni kama mnavyobebesha mchungwa juu ya mlimau: juu unapata tunda unalolitaka, chini unapata mzizi mgumu. Wafaransa wengi hawakulipenda wazo hilo mwanzoni, na mabishano yalichukua miaka, lakini hatimaye mashamba yao yalipandwa upya kwa njia hiyo, na mpaka leo mizabibu mingi ya Ulaya imesimama juu ya mizizi yenye asili ya Marekani. Serikali ya Ufaransa ilimpa Riley nishani ya dhahabu.

Kuna sehemu ya habari hiyo ambayo husemwa kwa nadra, nasi tunaona ni muhimu. Mwaka 1873 Riley alimpelekea Planchon utitiri mdogo anayekula filoksera huko Marekani, akitumaini atawamaliza kule Ufaransa. Utitiri alifika salama, akaishi, akazaana. Filoksera akaendelea kama kawaida. Jaribio lile halikuzaa kitu. Riley akaondoka na funzo kwamba si kila mla-wadudu ana nguvu ya kuzuia mlipuko.

Mwaka 1878 aliitwa Washington kuongoza kazi ya wadudu katika wizara ya kilimo ya Marekani. Hakudumu, mwaka uliofuata alitofautiana na wakubwa wake akaondoka. Mwaka 1881 akarudi kwenye kiti hicho hicho, akakikalia hadi 1894. Tusimpake mafuta kupita kiasi: Riley alikuwa mtu mgumu, mwenye haraka, anayependa jina lake litajwe. Wasaidizi wake walimheshimu, lakini si wote walioona raha kufanya kazi chini yake.

Wala hakuwa mtu wa kukataa dawa. Yeye na wasaidizi wake walitengeneza mchanganyiko wa mafuta ya taa na sabuni wa kuulia wadudu, na nozeli ya bomba ambayo dawa inazunguka ndani ya kichumba kidogo kabla ya kutoka kama ukungu. Ukifungua nozeli inayotoa ukungu wa duara kwenye bomba lako la mgongoni, utakuta kichumba cha namna hiyo hiyo. Mtu aliyeboresha bomba la dawa ndiye huyo huyo aliyekwenda kutafuta njia nyingine, na hilo linatufanya tumsikilize zaidi.

Sasa tuje California. Karibu na mwaka 1868, kwenye miti ya akasia iliyoletwa kutoka Australia, alionekana mdudu mgeni wa jamii ya vidugamba, wale wanaoganda kwenye tawi kama magamba. Huyu alibeba mgongoni mfuko mweupe wenye mifereji, kama kipande cha pamba. Ndani ya mfuko mmoja kuna mayai mamia kadhaa. Baya zaidi, mdudu mmoja anaweza kujirutubisha mwenyewe, kwa hiyo mmoja tu akifika kwenye mti mpya anatosha kuanzisha ukoo. Anafyonza maji ya mti, anatoa utomvu mtamu, na juu ya utomvu huo unaota ukungu mweusi kama masizi. Majani hayapumui vizuri, matunda yanadumaa, matawi yanakauka.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 mdudu huyo alikuwa amefika mashamba ya machungwa na malimau ya kusini mwa California, karibu na Los Angeles. Watu waliokuwa wamekopa fedha kupanda michungwa waliiona ikigeuka meupe kama imemwagiwa chokaa. Walipulizia mafuta ya taa na sabuni. Walipulizia magadi. Msaidizi wa Riley aitwaye Daniel Coquillett alibuni njia ya kuufunika mti kwa hema na kuingiza gesi ya sumu kali, nayo iliua kweli, lakini ilikuwa ghali na ya hatari, na ilitakiwa irudiwe. Nyuma yake vidugamba walirudi kutoka shamba la jirani. Wakulima wengine wakakata miti yao na kuichoma moto.

Riley aliuliza kwa barua sehemu mbalimbali za dunia, akalinganisha majibu, akafikia uamuzi kwamba kwao mdudu huyu ni Australia. Lililomvutia ni kwamba kule Australia hakuwa tatizo kubwa. Ilionekana kuna kitu kinachomzuia. Aprili 1887 alisafiri hadi Riverside, California, akasimama mbele ya mkutano wa wakulima wa matunda, akawaeleza kwamba lazima mtu apelekwe Australia kumtafuta adui wa mdudu huyu.

Fedha ndiyo iliyokwama. Bunge la Marekani lilikuwa limeweka kifungu kinachozuia fedha za idara yake zisitumike kusafiri nje ya nchi. Mwaka mzima ukapita, na mti uliofyonzwa haungoji bunge. Njia ikapatikana mlango wa nyuma: mwaka 1888 kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa Melbourne, Australia, na Marekani ilikuwa inapeleka ujumbe. Ikakubaliwa dola 2,000 za ujumbe huo zimlipie safari mtu mmoja wa Riley. Kwa maandishi alikwenda kwenye maonyesho, lakini kazi yake ilikuwa wadudu.

Aliyechaguliwa ni Albert Koebele, mzaliwa wa Ujerumani, mwenye macho makali kuliko wengi kwa kazi hiyo. Aliondoka San Francisco tarehe 25 Agosti 1888. Alipofika Australia alipata shida ambayo kwa kweli ilikuwa habari njema: vidugamba wenyewe walikuwa adimu, akalazimika kuwatafuta bustani hadi bustani.

Riley alikuwa ameweka matumaini yake kwa inzi mdogo ambaye Frazer Crawford, mtu wa Adelaide, alikuwa amegundua kwamba hukulia ndani ya mwili wa kidugamba. Koebele aliwakusanya inzi hao kwa maelfu. Lakini tarehe 15 Oktoba 1888, katika bustani moja ya Adelaide Kaskazini, aliona kitu kingine: mbawakawa mdogo wa duara, mwekundu mwenye madoa meusi, mdogo kuliko punje ya hindi, akimla kidugamba mkubwa. Jina lake la siku zile ni Vedalia, na wataalamu wa leo humwita Rodolia. Koebele akakusanya wachache, akawafunga kwenye visanduku, vikawekwa kwenye chumba cha barafu cha meli ili wasiamke na kufa njaa njiani.

Shehena ya kwanza ilifika California tarehe 30 Novemba 1888. Mbawakawa waliofika hai walikuwa 28. Desemba wakaja 44. Mwishoni mwa Januari 1889 wakaja 57. Jumla ni 129, idadi inayoenea kwenye kiganja cha mtoto. Coquillett aliwapokea, akawaweka kwenye mchungwa mmoja uliojaa vidugamba katika shamba la Wolfskill, Los Angeles, akaufunika mti mzima kwa hema.

Jike la mbawakawa huyu hutaga mayai juu ya mfuko mweupe wa kidugamba. Mabuu wake wakianguliwa hutoboa mfuko na kula mayai yote yaliyomo, kisha wanamla na mama. Hawali mdudu mwingine wowote nje ya ukoo wa vidugamba hawa, kwa hiyo hawapotezi muda. Kizazi kimoja humalizika kwa wiki chache, na hivyo wanaongezeka haraka kuliko chakula chao. Mwanzoni mwa Aprili mti ule chini ya hema ulikuwa hauna tena cha kuliwa. Coquillett akafungua upande mmoja, mbawakawa wakatoka wenyewe kwenda miti ya jirani.

Wakulima wakasikia. Walikuja na visanduku na matawi, wakabeba. Kufikia tarehe 12 Juni 1889 mbawakawa 10,555 walikuwa wamegawiwa kwa wakulima zaidi ya 200, wote uzao wa wale 129. Shamba moja la San Gabriel lenye miti 3,200 lilikuwa safi mwishoni mwa Julai. Mwaka ulipokwisha, mdudu aliyekuwa akiwafanya watu wachome miti yao alikuwa wa kutafutwa. Machungwa yaliyosafirishwa kutoka wilaya ya Los Angeles yalipanda kutoka mabehewa 700 hadi 2,000 kwa mwaka mmoja. Yule inzi wa Crawford naye alishika, na hadi leo anafanya kazi yake kimyakimya sehemu za pwani ya California.

Mambo yakishafanikiwa, huanza ugomvi wa nani alifanya. Wakulima wa California walimpa Koebele saa ya dhahabu, na mkewe hereni za almasi. Walimshukuru pia mkuu wa ule ujumbe wa maonyesho aliyekubali fedha zitoke. Riley, aliyetafuta asili ya mdudu, aliyepigania safari kwa miaka na kumchagua Koebele, aliona amewekwa pembeni, na hakunyamaza. Aliandika na kujibizana na viongozi wa kilimo cha matunda wa jimbo lile mpaka uhusiano ukaharibika kabisa. Kwa maoni yetu alikuwa na haki ya kutajwa, lakini namna alivyodai ilimpunguzia marafiki.

Palikuwa na mzozo mwingine, na huo unatugusa zaidi. Baada ya ushindi ule, watu wengi California waliamini kwamba bomba la dawa limekwisha kazi, na kwamba kila mdudu ana mbawakawa wake mahali fulani, akisubiri meli. Koebele akatumwa tena Australia mwaka 1891. Alileta aina nyingi. Wengi wao hawakushika. Wachache walifaa, akiwemo mbawakawa mmoja mla vidung'ata ambaye hadi leo wakulima wa nchi mbalimbali hununua na kumwachia shambani. Riley aliwatahadharisha kwamba Vedalia alikuwa na sababu zake za kufaulu: mdudu mgeni aliyekuja bila adui zake, na adui anayekula yeye tu. Penye mdudu wa aina nyingine, mkulima bado angehitaji usafi wa shamba, miche safi, na dawa kwa kipimo. Tahadhari hiyo ilisikika kama wivu. Sisi tukikumbuka utitiri wa 1873, tunaamini alikuwa anasema aliyoyaona.

Swali lake limetumika karibu na kwetu pia. Mwaka 2003 inzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa pwani ya Kenya, kisha akaenea haraka Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika, na wenye miembe mnajua alichowafanyia. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walileta kutoka Hawaii nyigu mdogo anayetaga ndani ya mayai ya inzi huyo. Hajammaliza inzi kama Vedalia alivyofanya. Anapunguza idadi, na mkulima anaongezea mitego, chambo, na kufukia au kufunga kwenye mifuko matunda yaliyodondoka. Hayo tuliyaeleza kwenye kipindi na tutayarudia.

Vedalia mwenyewe alisafiri. Katika miaka ya 1890 alipelekwa Misri na Afrika Kusini, mwaka 1897 Ureno, mwaka 1901 Italia, na kwingine kwingi.

Riley aliacha kazi ya serikali mwaka 1894, afya ikiwa imeyumba na mizozo imemchosha. Mkusanyiko wake wa wadudu, zaidi ya 100,000 waliopigwa pini na kuandikwa majina, alikuwa ameshautoa kwa makumbusho ya taifa ya Marekani. Tarehe 14 Septemba 1895 alikuwa akiendesha baiskeli kwa kasi kwenye mteremko jijini Washington. Gurudumu liligonga jiwe lililoachwa barabarani. Alianguka, akaumia kichwa, akafariki siku hiyo hiyo. Zilibaki siku nne atimize miaka 52. Aliacha mke na watoto.

Miaka hamsini hivi baada ya kifo chake, vita kuu ya pili ilipokwisha, wakulima wa machungwa wa California walipata dawa mpya, DDT, iliyosifiwa kuua kila mdudu. Wakaipulizia. Iliwaua mbawakawa wekundu kabla ya vidugamba, na kwenye mashamba ambayo kwa miongo mitano hayakuwa yameona mfuko mweupe, matawi yakaanza tena kugeuka meupe. Wazee waliokuwa wakiyajua waliyatambua mara moja. Ikabidi ratiba ya kupulizia ibadilishwe, na mbawakawa waletwe upya, ndani ya visanduku, kama mwaka 1889.